Mizuka, Rehani na Dola 10,000: Historia ya Sinema ya House on Haunted Hill

Utangulizi

Kuna tabia iliyoota mizizi miongoni mwetu tunaosoma fasihi, nayo ni ya kuzigawa kazi za sanaa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kazi dhati, ambazo huhakikiwa. La pili ni la kazi pendwa, ambazo husomwa au kutazamwa usiku na kukanwa mchana. Sinema za kutisha, hasa zile zilizotengenezwa kwa hela kidogo, ziko katika fungu hilo la pili, tena chini kabisa ya kapu. Nilipotaja katika semina yetu kwamba ningependa kuandika juu ya sinema ya nyumba yenye mizuka, watu walicheka. "Utahakiki nini pale?" niliulizwa. "Dhamira ya popo?"

Makala haya ni jibu langu. Sinema ninayoizungumzia ni House on Haunted Hill, yaani nyumba iliyo juu ya kilima cha mizuka. Iliandikwa na Robb White, ikaongozwa na William Castle, na ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1959. Ni sinema ya rangi nyeusi na nyeupe, ya dakika 75, iliyogharimu takriban dola 200,000, kiasi kidogo kwa Hollywood hata kwa wakati ule.

Hoja yangu ni kwamba nyumba ya mizuka katika sinema hii ni habari ya fedha kuliko ilivyo habari ya wafu. Ni habari ya nani anayo, nani hana, na nani atakubali kufanya nini ili aipate. Zaidi ya hapo nitadai kwamba uduni wa bajeti uliisaidia sinema kusema jambo hili, na kwamba wenye hela nyingi walipoitengeneza upya walilipoteza. Nitaanza na historia, kisha niingie katika hadithi na wahusika, halafu fani, na mwisho nitagusia yaliyofuata baada ya 1959.

Nyumba za mizuka kabla ya 1959

Wataalamu wengi huanzia kwa Mwingereza Horace Walpole, aliyetoa riwaya ya The Castle of Otranto mwaka 1764. Riwaya hiyo ina kofia kubwa ya chuma inayoanguka kutoka juu na kumponda bwana harusi, ina picha inayotoka katika fremu yake na kutembea. Lakini tukiondoa vioja hivyo, tunabaki na nini? Tunabaki na kesi ya mirathi. Mtawala Manfred anaishi katika ngome ambayo babu yake aliipata kwa kumuua mwenyewe, na mizuka inakuja kudai haki ya mrithi halali. Kwa lugha ya mtaani tungesema mizuka imekuja na hati ya nyumba mkononi.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1794, Ann Radcliffe alichapisha The Mysteries of Udolpho. Huyu alileta mbinu ambayo ni muhimu kwa mada yetu: mambo ya kutisha yanatokea, msomaji anatetemeka, lakini mwisho anaelezwa kwamba hapakuwa na mzuka wowote. Palikuwa na binadamu mwenye hila.

Mbinu hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1922 John Willard aliandika tamthiliya iitwayo The Cat and the Canary, na mwaka 1927 mwongozaji Paul Leni akaifanya sinema bubu. Tajiri amekufa, na wosia wake unasomwa miaka 20 baadaye, usiku, ndani ya jumba lake. Mrithi ni msichana, lakini kuna sharti: iwapo atathibitika kuwa hana akili timamu, mali inakwenda kwa mwingine. Basi usiku kucha anatishwa na "mzuka". Mwishowe tunagundua kwamba mzuka ni ndugu anayeutaka huo urithi.

Hebu tuiweke kando ya sinema ya Castle. Katika zote mbili kuna kundi la watu, nyumba moja, usiku mmoja, na msichana anayetishwa makusudi ili akili imruke. Tofauti iko katika njia ya fedha. Mwaka 1927 fedha inapita katika damu, kwani wote waliokusanyika ni ndugu. Mwaka 1959 wageni hawajuani kabisa. Fedha inapita katika mkataba. Mtu anakulipa ili ulale katika nyumba yake usiku mmoja, basi. Hilo ni badiliko kubwa la kihistoria, na limefanyika ndani ya sinema ambayo wengi huiita upuuzi.

William Castle na hali ya wakati wake

Castle alizaliwa New York mwaka 1914 kwa jina la William Schloss. Schloss kwa Kijerumani maana yake ni ngome, kwa hiyo alichofanya ni kutafsiri jina lake mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa mwongozaji wa sinema za bei nafuu, akifanya kazi katika kampuni ya Columbia, ambako alijifunza kumaliza sinema haraka bila kuvuka bajeti.

Miaka ya 1950 ilikuwa migumu kwa biashara ya sinema Marekani. Idadi ya watazamaji ilifikia kilele mwaka 1946, kisha ikaporomoka. Mwaka 1950 karibu nyumba moja tu kati ya kumi ilikuwa na televisheni. Ilipofika mwisho wa muongo huo, zaidi ya nyumba nane kati ya kumi zilikuwa nayo. Tena mwaka 1948 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitoa hukumu katika kesi dhidi ya Paramount, na hukumu hiyo ilisababisha makampuni makubwa kulazimika kuachana na majumba ya sinema yaliyokuwa mali yao. Wenye majumba wakabaki na viti vitupu na upungufu wa sinema za kuonyesha. Ndipo watengenezaji wadogo walipopata mwanya. Walilenga vijana, ambao walikuwa na hela kidogo mfukoni na hawakutaka kukaa sebuleni na wazazi kutazama televisheni.

Castle aliingia katika mwanya huo kwa kucheza pata-potea. Ili kutengeneza Macabre, iliyotoka mwaka 1958, aliiweka rehani nyumba yake. Kisha akatafuta namna ya kuwavuta watu waache televisheni. Kila aliyenunua tiketi alipewa hati ya bima ya Lloyd's ya London: akifa kwa hofu wakati wa kutazama, warithi wake walipwe dola 1,000. Watu walimiminika. Nyumba ilipona na sinema iliyofuata ikapata mtaji.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu halisomwi ipasavyo. Wengi wanaomtaja Castle humtaja kama mwana-mazingaombwe, wanacheka, wanaendelea. Lakini tazama mfuatano wenyewe. Mtu ameweka nyumba yake hatarini ili auze hofu. Mara baada ya hapo anatengeneza hadithi ya watu wanaoweka roho zao hatarini ndani ya nyumba ili walipwe. Na mle ndani mwenyeji anawaahidi wageni kwamba atakayefariki, fedha yake itapewa jamaa yake wa karibu. Hii ni ile bima ya Macabre, imehama kutoka mlangoni mwa jumba la sinema ikaingia ndani ya hadithi yenyewe!

Hadithi na wahusika

Frederick Loren, anayeigizwa na Vincent Price, ni milionea. Amekodi nyumba yenye sifa mbaya kwa usiku mmoja, eti mkewe wa nne, Annabelle, afanye sherehe. Wamealikwa watu watano, na wanafika kwa magari ya kubebea maiti. Kila atakayekaa hadi asubuhi atapata dola 10,000. Kiasi hicho kilikuwa karibu mara mbili ya kipato cha mwaka mzima cha familia ya kawaida ya Marekani wakati huo. Madirisha yana nondo, hakuna umeme, hakuna simu, na mlango utafungwa usiku wa manane.

Tuwaangalie wageni mmoja mmoja, maana uteuzi wao una mantiki. Lance Schroeder ni rubani wa kujaribu ndege, mtu ambaye tayari anaishi kwa kuuza ujasiri wake. Ruth Bridgers ni mwandishi wa gazeti, anayedai amekuja kutafuta habari, kumbe ana madeni ya kamari. Dakta David Trent ni mtaalamu wa magonjwa ya akili, naye anasema amekuja kwa ajili ya utafiti. Watson Pritchard ndiye mwenye nyumba, ambaye kaka yake aliuawa humo, na siku zote yumo katika ulevi. Wa mwisho ni Nora Manning, msichana mpiga taipu katika mojawapo ya makampuni ya Loren. Mshahara wake ni mdogo na familia nzima inamtegemea.

Loren mwenyewe ndiye anayetutambulisha kwa watu hawa mwanzoni kabisa, na hafichi kitu. Anatueleza kwamba kati ya maelfu ya wafanyakazi wake alimchagua Nora kwa kuwa ndiye mwenye shida kubwa ya fedha. Yaani mwajiri anajua mshahara anaolipa hautoshi. Badala ya kuuongeza, anautumia kama chambo. Nadhani hapa hata yule asiyependa sinema za kutisha anapaswa kusimama kidogo.

Na Pritchard je? Huyu ana nyumba, lakini nyumba haimlishi. Anaikodisha kwa tajiri, kisha anarudi kama mgeni alipwe kwa kulala ndani ya mali yake mwenyewe. Anaiogopa kuliko wote na ndiye anayeijua historia yake: watu saba wamekwisha kuuawa humo. Kule chini kuna shimo la tindikali ambamo mwenye nyumba wa zamani alimtosa mke wake kwa sababu aliikosoa mvinyo yake.

Jambo la mlango nalo si dogo. Kwa mujibu wa mapatano, asiyetaka kulala ana ruhusa ya kuondoka kabla ya saa sita usiku. Lakini watunza nyumba wanaondoka dakika chache kabla ya wakati na kuufunga mlango. Mgeni anayetaka kukataa hawezi tena kukataa. Mkataba upo, hiari haipo. Sijui mhakiki wa uhalisia angetafuta picha gani iliyo wazi zaidi ya hiyo kuonyesha uhuru wa mtu mwenye njaa mbele ya mtu mwenye mali.

Kisha mambo yanaanza. Damu inadondoka kutoka darini mpaka mkononi mwa Ruth. Nora anakuta kichwa cha mtu ndani ya sanduku lake. Bibi kizee mwenye macho meupe anapita mbele yake kama anayeteleza juu ya sakafu. Kila mgeni anapewa bastola iliyowekwa ndani ya jeneza dogo, na Annabelle anaonekana amening'inia kitanzini.

Asiyetaka kujua mwisho aruke aya hii. Annabelle hajafa. Yeye na Dakta Trent ni wapenzi, na wamepanga kumtisha Nora mpaka amfyatulie Loren risasi, ili Annabelle arithi mali. Nora anafyatua kweli. Lakini Loren alikwisha kuhisi njama, na bastola ile ilikuwa na risasi za bandia. Anawamaliza wote wawili katika tindikali, akimtisha mkewe kwa kiunzi cha mifupa anachokiendesha kwa kamba. Kwa hiyo mizuka tuliyoiogopa ilikuwa ni binadamu: wawili wanaotaka mali na mmoja anayeilinda.

Niliitazama bwenini na wenzangu kadhaa. Kwenye kiunzi cha mifupa walicheka hadi machozi. Alipopita yule bibi kizee, kimya. Lakini kilichonishangaza ni mjadala uliozuka katikati ya sinema, Nora alipokuwa akilia kwamba anataka kutoka. Mmoja akasema, "Alie, lakini asitoke. Hela hiyo?" Mwingine akajibu kwamba yeye kwa kiasi hicho angelala hata makaburini, bila godoro. Hakuna aliyeuliza kama mizuka ipo kweli. Swali lilikuwa bei. Wenzangu, bila kujua, walikuwa wameshika dhamira kuu ya kazi ile.

Fani: giza halina gharama

Sasa niingie katika fani, maana ndipo wapinzani wangu hujificha. Husema: sawa, maudhui yapo, lakini kazi yenyewe ni duni.

Sinema inaanza na giza tupu. Hakuna picha. Tunasikia ukelele wa mwanamke, miguno, minyororo. Halafu kichwa cha Pritchard kinatokea peke yake gizani na kuzungumza nasi. Kinafuata cha Loren, naye anatukaribisha kana kwamba na sisi ni wageni wake. Huo ni mwanzo wa bei rahisi kuliko wowote, kwani giza halina gharama. Lakini pia ni mbinu ambayo sisi tuliokulia katika ngano tunaifahamu. Fanani anaiita hadhira, hadhira inaitikia, na kuanzia hapo hadhira imo ndani ya hadithi. Mwenye hela angetuonyesha mzuka. Castle, kwa kukosa, anatuachia tumtengeneze wenyewe vichwani mwetu.

Mandhari nayo yanastahili kutazamwa. Nyumba tunayoiona kwa nje ni Ennis House ya Los Angeles, iliyosanifiwa na Frank Lloyd Wright na kujengwa mwaka 1924 kwa matofali ya saruji yenye nakshi zinazofuata majengo ya kale ya Wamaya. Ndani, hata hivyo, tunaona jumba la karne ya 19, lenye mapazia mazito, taa za zamani na vyumba vya chini. Nje na ndani havilingani hata kidogo. Tena tunaambiwa nyumba ina umri wa miaka 100, wakati ile ya nje ilikuwa na miaka 35 tu.

Mhakiki mvivu atasema hili ni kosa la sinema ya bei poa. Mimi naona matokeo yake ni mazuri. Nyumba hii haina mahali wala wakati. Usoni ni ya kisasa, tumboni ni ya zamani, kama tajiri wetu Loren, ambaye ana makampuni na maelfu ya wafanyakazi lakini anaendesha nyumba yake kama mtawala wa ngome ya Otranto. Sisemi Castle alikaa akafikiria hivyo. Nasema kazi ya sanaa inaweza kusema zaidi ya nia ya mtunzi wake, kanuni ambayo tunaikubali bila ubishi tunaposoma kazi dhati.

Nimalizie fani kwa kile kiunzi cha mifupa. Katika majumba ya sinema Castle aliweka kifaa alichokiita Emergo. Wakati kiunzi kinaibuka kutoka katika tindikali kwenye pazia, kiunzi kingine, cha kweli kwa maana ya plastiki, kilitoka pembeni na kupita juu ya vichwa vya watazamaji kwa waya. Inasimuliwa kwamba vijana walizoea kukilenga na kukirushia bisi. Ndani ya sinema Loren anamtisha mkewe kwa kamba na kapi. Nje ya sinema Castle anawatisha wateja wake kwa waya na kapi. Tena sinema inatuonyesha waziwazi Loren akiwa amevaa mtambo wake, akikunja kamba. Ni mazingaombwe yanayofichua siri yake: hofu hii inatengenezwa, ina fundi, na fundi analipwa. Sisi tuliokata tiketi ndio tunaomlipa.

Ulinganisho mfupi na nyumbani

Msomaji anaweza kuuliza hili linatuhusu nini sisi wa fasihi ya Kiswahili. Nitataja mfano mmoja tu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958 kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Ni miaka ileile ya Castle. Humo pia kuna mauaji yanayohusishwa na mahali pa mzimu, watu wanaogopa, na Bwana Msa anakuja kuonyesha mkono wa binadamu nyuma ya hofu hiyo. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Ninachosema ni kwamba mbinu ya kuutumia mzimu kama pazia la uhalifu wa binadamu tumeisoma, tumeihakiki na kuifundisha tulipoikuta kwa Abdulla. Kwa nini tuikatae inapokuja ndani ya sinema?

Baada ya 1959

Mwaka huohuo wa 1959 Shirley Jackson alichapisha riwaya ya The Haunting of Hill House, ambayo Robert Wise aliifanya sinema mwaka 1963. Hapo pia watu wasiojuana wanaalikwa katika nyumba mbaya, lakini kwa ajili ya utafiti. Ni kazi nzuri sana na wahakiki wameiheshimu. Heshima hiyo haikumfikia Castle. Aliendelea na vioja vyake, kama viti vya kutetemesha watazamaji katika The Tingler (1959), na baadaye akawa mtayarishaji wa Rosemary's Baby (1968), ambayo uongozaji wake alipewa Roman Polanski. Alifariki mwaka 1977.

Sinema yake ilipata maisha marefu kwa njia ya ajabu. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitaka hakimiliki ihuishwe baada ya miaka 28. Ya House on Haunted Hill haikuhuishwa, ikawa mali ya umma. Yeyote aliweza kuirudufu, kuionyesha na kuiuza kwa bei ya chini, na ndiyo maana hata mwanafunzi asiye na kitu anaweza kuitazama leo bila kuvunja sheria. Sinema inayohusu mali imekuwa haina mwenyewe. Ennis House yenyewe imekwenda njia tofauti: mwaka 2019 iliuzwa kwa dola milioni 18.

Mwaka 1999 sinema ilitengenezwa upya na kampuni ya Dark Castle, iliyopewa jina hilo kwa heshima ya Castle, ikiongozwa na William Malone. Zawadi imepanda kutoka dola 10,000 hadi dola milioni 1. Nyumba sasa ni hospitali ya zamani ya wagonjwa wa akili. Na mizuka? Safari hii ipo kweli, imechorwa kwa kompyuta, inaua watu. Hapa ndipo hoja yangu inapopata ushahidi. Mizuka ikishakuwa ya kweli, fedha inakuwa kisingizio tu cha kuwafikisha wageni mlangoni. Hakuna tena haja ya kuuliza nani anamtisha nani, na kwa faida gani. Walikuwa na hela ya kutuonyesha kila kitu, wakakionyesha, na lile swali likafa.

Mrithi wa kweli wa Castle, kwa maoni yangu, ni Oren Peli. Huyu alitumia takriban dola 15,000 na nyumba yake mwenyewe huko San Diego kutengeneza Paranormal Activity, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2007 na kusambazwa na Paramount mwaka 2009. Iliingiza zaidi ya dola milioni 190. Inamhusu kijana na mchumba wake katika nyumba mpya nzuri, na pepo ambalo halikai katika nyumba bali linamfuata mtu. Kuhama hakusaidii. Mwaka 2009 maelfu kwa maelfu ya Wamarekani walikuwa wakinyang'anywa nyumba na mabenki kwa kushindwa kulipa mikopo. Kitu kinachokudai, ambacho huwezi kukikimbia hata ukihama, hadhira ile haikuhitaji kuelezwa maana yake.

Kasoro

Sitaki ionekane natetea kila kitu. Annabelle ni yule mwanamke nyoka tunayemkuta katika kazi nyingi mno, na Nora muda mwingi hana kazi ila kupiga mayowe. Wahusika wote ni Wazungu, kana kwamba Los Angeles ya 1959 haikuwa na watu wengine. Na msimamo wa sinema juu ya Loren unayumba. Ameua watu wawili, lakini Vincent Price anampa ucheshi na haiba kiasi kwamba hadhira inamshangilia. Anasema yuko tayari kuhukumiwa na sheria, na tunajua sheria humtendeaje milionea. Sinema inauona unyonyaji vizuri, halafu inampigia makofi mnyonyaji kwa kuwa ni hodari. Mhakiki anayo kazi ya kufanya hapo, na haiwezi kufanyika kama hatutazami.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba House on Haunted Hill ina ukoo mrefu unaoanzia kwenye kesi za mirathi za karne ya 18, kwamba ilizaliwa katika mazingira ya kiuchumi yanayojulikana, na kwamba ufukara wa bajeti yake uliiacha na wazo moja lililo wazi: hofu ina bei, na wapo wanaolazimika kuikubali bei hiyo. Kazi yenye ukoo, mazingira na wazo inastahili nafasi katika semina zetu.

Mwisho wa sinema Pritchard anatugeukia na kutuambia kwamba mizuka imeongezeka, sasa ni tisa, inamjia yeye, na baadaye itatujia sisi. Hilo ndilo neno la mwisho. Hatuoneshwi mgeni hata mmoja akilipwa. Nora amefyatua bastola, amelia usiku kucha, na asubuhi hatujui kama alikwenda nyumbani kwao na dola 10,000 au alirudi kazini kupiga taipu kwa mshahara uleule. Mwenzangu atakayesema swali hilo si la kifasihi, uwanja wa gazeti hili uko wazi. Namkaribisha ajibu.